Maswali na Majibu: Wicca na Imani ya Kikristo

Binti yangu anayesoma Uingereza anafuata Wicca, na Jumapili bado anakwenda kanisani. Je, amekuwa mchawi?

Sivyo, mama, na nakusihi usimwite hivyo, kwa kuwa neno hilo kwetu limewaua vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Mchawi tunayemjua sisi huwadhuru wenzake kwa siri. Wicca ni dini changa, aliyoitangaza Gerald Gardner huko Uingereza baada ya sheria ya uchawi ya nchi hiyo kufutwa mwaka 1951, na kanuni yake inampa mtu ruhusa ya kufanya apendalo mradi asimdhuru yeyote.

Ninawasha mishumaa, ninafuatilia mwezi na ninaadhimisha majira ya mwaka. Nimeuacha Ukristo?

Kwa hayo peke yake, hapana. Tarehe ya Pasaka yenyewe hupatikana kwa kuhesabu mwezi mpevu, na mishumaa hubarikiwa makanisani tarehe 2 Februari, siku zilezile ambazo wafuasi wa Wicca huadhimisha sikukuu yao ya Imbolc.

Je, naweza kuwaita Yesu na Mariamu katika ibada ya Wicca, mmoja kama Mungu na mwingine kama mungu wa kike?

Hapa ndipo ninapokuomba usimame. Wapo Wamarekani wanaofanya hivyo, na siwatilii shaka moyo wao, lakini itazame meza inayowekwa ndani ya duara lao la ibada: kuna chumvi, maji, kikombe cha divai na kisu chenye mpini mweusi, na kisu hicho huteremshwa ndani ya kikombe kuwa ishara ya kuungana kwa mungu wa kiume na mungu wa kike, muungano ambao kwao ndio chemchemi ya uhai. Kikombe cha Ushirika Mtakatifu kinatangaza jambo jingine kabisa, yaani damu iliyomwagika mara moja kwa ajili ya watu, na anayevinywea vyote viwili kwa dhati atalazimika kukipunguzia kimojawapo maana yake. Kuhusu Mariamu, swali lako si geni: katika karne ya 4 Askofu Epifanio aliwakemea wanawake waliomtolea Mariamu sadaka ya mikate, akisema aheshimiwe, lakini anayeabudiwa ni Mungu. Nami nashikilia hapo, kwa sababu Mariamu akifanywa mungu tunampoteza yule msichana wa Nazareti aliyejiita mjakazi wa Bwana.

Nimweleze mchungaji wangu?

Mweleze, ikiwa ni mtu wa kusikiliza kabla ya kukemea. Akikimbilia kukukemea pepo mbele ya waumini wote kabla hujamaliza maelezo yako, ondoka kwa adabu, utafute mzee wa kanisa mwingine mwenye subira, na umwambie waziwazi ni nani unayemwita unapoomba.