Umeona mnyama usiyemjua usiku? Pima kwanza, jina litafuata

Ujumbe wa WhatsApp huwa na sura ile ile: picha yenye giza, macho mawili yanayowaka, na onyo kwamba simba ameonekana Utawala, Nairobi, na watoto wasitoke nje. Baada ya saa chache picha hiyo hiyo inadaiwa kupigwa Kahawa Sukari, mtaa mwingine kabisa. Wanaoisoma hugawanyika makundi mawili, wanaoamini yote na wanaopuuza yote, na makundi yote mawili yanaweza kumletea mtu madhara.

Nairobi si mji wa kupuuza taarifa kama hizi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, na upande wake wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, umeachwa wazi ili wanyama wapite. Simba, chui na fisi hutokea huko kuelekea Kitengela na Rongai. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alifika Isinya, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi. Kwa hiyo tunapotafuta maelezo ya kawaida ya kilichoonekana, hatusemi kwamba hakukuwa na kitu. Hapa kwetu, fisi mtaani ni jambo la kawaida na ni hatari vilevile.

Jambo la kwanza ni kuandika ulichoona kabla hujataja jina la mnyama. Ukishasema "chui", akili itakuongezea madoa ambayo jicho halikuyaona. Andika saa, mwanga ulitoka wapi, mkia ulifika wapi, mgongo ulikuwa sawa au uliteremka kuelekea nyuma, na bega lilifika wapi kwenye ukuta au nguzo. Kama mlikuwa wawili, kila mmoja aandike peke yake kabla hamjazungumza. Mgongo unaoteremka una uzito kuliko rangi, maana fisi ana mabega ya juu na kiuno cha chini. Wakati wa ukoloni walowezi waliandika sana kuhusu "dubu wa Nandi", ambaye wenyeji walimwita chemosit, na sehemu kubwa ya maelezo yale inamfaa fisi madoa mwenye manyoya marefu, au nyegere. Dubu hayupo kusini mwa Sahara.

Kosa kubwa la usiku ni ukubwa. Gizani, ukikosea umbali umekosea na kimo. Paka wa nyumbani ana kimo cha sentimita 25 hivi begani, chui 65. Maana yake paka aliye mita 10 kutoka kwako anaonekana sawa na chui aliye mita 26. Njia ya kusahihisha ni rahisi. Kukicha, simama pale pale uliposimama, mwenzako aweke mtungi wa lita 20 pale mnyama alipopita, kisha piga picha kwa simu ile ile bila kuvuta karibu. Linganisha mtungi na ulichokumbuka, au na picha ya usiku kama ipo. Wengi hushangaa jinsi mtungi unavyoonekana mdogo.

Rangi ya macho isikushughulishe. Mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe na komba wote macho yao hurudisha mwanga wa tochi, na rangi hubadilika kulingana na pembe ya tochi na jinsi mnyama alivyogeuka.

Wanaodhaniwa kuwa chui mara nyingi huwa ni wanyama watatu wadogo. Mondo ana miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama, madoa, na mkia mfupi usiofika chini. Kimo chake begani ni sentimita 60 hivi, ndiyo maana watu humwona chui mchanga au duma. Kanu ni mwembamba kama paka, mkia wake mrefu una pete nyeusi na nyeupe, na hutembea juu ya kuta na mabati. Fungo, ambaye wengine humwita ngawa, ana kinyago cheusi usoni na akishtuka husimamisha manyoya ya mgongo, akaonekana mkubwa ghafla. Kwenye nyanda za juu za Kenya wapo pia mondo weusi kabisa, kwa hiyo "paka mkubwa mweusi" si lazima awe chui mweusi, wala si lazima awe uongo.

Kisha yuko yule asiyefanana na chochote: hana manyoya, ngozi ya kijivu imekunjamana, miguu mirefu, mkia kama wa panya, masikio makubwa kupita kiasi. Huyo karibu kila mara ni mbwa au bweha mwenye ukurutu unaoletwa na utitiri. Utitiri huchimba ndani ya ngozi, mnyama hujikuna mpaka manyoya yanaisha, ngozi hunenepa na kupasuka, mwili hukonda. Manyoya yakiondoka, masikio na taya huonekana marefu kuliko yalivyo. Huwa mchana anaota jua kwa sababu ya baridi, na huja karibu na watu kwa sababu hana nguvu za kuwinda. Usimpige mawe na usimshike kwa mikono mitupu, kwa kuwa utitiri huo huweza kumwasha binadamu pia. Mwite daktari wa mifugo.

Alama za miguu ndizo ushahidi bora, na ndizo zinazoharibiwa haraka na umati. Zifunike kwa beseni kabla jirani hawajafika. Weka kadi ya benki kando ya alama. Kadi hizo zote zina milimita 85.6 kwa 54, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupima kutoka kwenye picha. Shika simu wima juu ya alama, isiinamie upande, na mwanga utoke pembeni: jua la asubuhi, au tochi iliyolazwa karibu na ardhi. Jua la saa sita hufuta kina chote. Piga picha za alama nne zinazofuatana, si moja nzuri tu.

Tazama nafasi kati ya vidole na kitanga, yaani sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Kwa mbwa unaweza kuchora herufi X ikapita bila kugusa vidole wala kitanga. Kwa jamii ya paka kitanga ni kipana na huziba njia, na nyuma yake kina mabonde mawili yanayokigawa sehemu tatu. Kucha za paka kwa kawaida hazionekani, ila duma huacha zake, na hata chui hutoa kucha kwenye utelezi. Fisi ana kucha butu, na mguu wake wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Simba mzima hupita sentimita 10 kwa upana, chui mara nyingi 7 hadi 9, lakini mbwa mkubwa wa ulinzi hufika hapo hapo. Ndiyo maana upana peke yake hautoshi. Na udongo mweusi wa Syokimau na Embakasi hudanganya: ukilowa, mguu huteleza na kingo huanguka, alama ikawa kubwa kuliko mguu. Mguu wa nyuma ukikanyaga juu ya alama ya mbele, unapata alama ndefu yenye vidole vingi kuliko kawaida.

Ukitaka kuihifadhi alama, kata ukanda wa chupa ya plastiki wenye kimo cha sentimita 4, uzungushie alama. Nyunyiza vikombe viwili vya plasta ya Paris (unga mweupe unaoganda ukichanganywa na maji) ndani ya kikombe kimoja cha maji, koroga hadi iwe kama uji mzito, imimine pembeni ili itiririke yenyewe. Subiri angalau nusu saa. Asubuhi za baridi za Julai ngoja saa nzima. Usisugue udongo siku hiyo, plasta bado ni laini.

Kamera za ulinzi nazo zina mitego. Usiku hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, kwa hiyo rangi uionayo si rangi ya mnyama. Buibui au nondo aliye karibu na lenzi huonekana jitu jeupe linaloruka. Angalia kama kitu hicho kilipita nyuma ya nguzo au gari wakati wowote; kama hakikufichwa na chochote, huenda kilikuwa kwenye lenzi.

Kwa sauti, fikiria umbali. Ngurumo ya simba usiku mtulivu husikika kilomita nyingi, kwa hiyo kuisikia ukiwa Lang'ata hakumaanishi yuko langoni. Kilio cha mtoto juu ya miti mara nyingi ni komba.

Mbuzi akikutwa amekufa na watu wakadai amenyonywa damu, jua kwamba moyo ukisimama damu huteremka upande wa chini na kuganda, na majeraha hayatoi tena. Mbwa wazururaji huuma miguu ya nyuma, masikio na ubavu, huua wengi na kula kidogo. Chui kwa kawaida hushika koo na kumburuta mmoja. Lakini ukiona damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja, usimpasue wala kumchuna: inaweza kuwa kimeta, ugonjwa hatari unaoambukiza na binadamu. Mwite afisa wa mifugo.

Picha ya WhatsApp itafute kwanza kwa Google Lens, huduma ya Google ya kutafuta kwa picha, na mwombe aliyeipiga akutumie faili halisi kama dokumenti, maana WhatsApp huondoa tarehe na mahali kwenye picha za kawaida.

Ukishindwa kuamua, piga simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na usione haya. Mei 2021 wanakijiji wa Kinyana, Meru, waliwaita kwa ajili ya simba aliyejificha kwenye ua wa mimea. Kilikuwa ni mfuko wenye picha ya simba, ndani yake miche ya parachichi, na waliopiga simu walifanya sawasawa. Waambie mahali, saa, alikoelekea na kimo ulichopima, kisha watu waingie ndani na askari wa geti asimfuate kichakani. Mnyama yeyote akikuuma au kukukwaruza, awe mbwa au asiyejulikana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mnyama mwenyewe hajatambuliwa.