Watoto wangu hawataki ninunue pikipiki ya tano

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 54. Mume wangu alifariki kwa maradhi miaka mitatu iliyopita akaniachia pikipiki tatu: Honda CB750, BMW R 80 na Ducati Monster 900 ya miaka ya tisini. Enzi za uhai wake mimi nilikuwa wa kupakiwa tu. Baada ya msiba nikajifunza kuendesha, nikapata leseni, nikanunua Honda ndogo ya kwangu. Sasa naitamani ya tano, na hii nataka mpya kabisa, ya Kiitaliano. Moyo wangu uko kwa Moto Guzzi V7, ila muuzaji ananivutia kwenye Ducati Monster mpya, anasema itapendeza ikikaa na ile ya marehemu. Akiba yangu haijatosha, hivyo nafikiria kuuza BMW nijazie. Watoto wamekuja juu. Kijana wangu anasema nachezea mali ya baba yao. Binti yangu hasemi neno, ila siku hizi akija haingii gereji kabisa. Je, nina kosa? Na ninunue ipi?*

*Mwenye Pikipiki Nne*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa kufiwa, na hongera kwa leseni. Mtu kujifunza pikipiki akiwa amevuka miaka hamsini, tena akiwa na majonzi, ni jambo kubwa, nawe umelipitia kwa haraka kana kwamba si kitu.

Nikujibu bila kuzunguka: nunua pikipiki yako. Lakini BMW usiiuze.

Katika barua yako unazihesabu zote kwa pamoja, tatu, kisha moja, kisha hii ya tano. Mimi naona mafungu mawili. Zile tatu ni za baba yao. Honda ndogo ni yako, na hii unayoitamani itakuwa yako. Kwenye fungu la kwanza watoto wana neno la kusema. Kwenye la pili hawana, isipokuwa kukuombea usalama na kukuuliza kama umenunua helmeti nzuri. Ugomvi wenu umekuja kwa sababu mafungu hayo yamechanganyika, na siku utakayoibadilisha BMW ya marehemu kwa Guzzi ya kwako, hakuna atakayeweza kuyatenganisha tena.

Kuna na upande wa sheria. Hukunieleza kama mirathi imeshafungwa. Kama bado, zile tatu zinaweza kuwa mali ya warithi wote, hata kama funguo umezishika wewe. Kamuone mwanasheria kabla hujazungumza na mnunuzi yeyote. Na hata kama karatasi zote zina jina lako, bado ningekwambia uwaulize watoto kwanza.

Kijana wako amesema kwa ukali, lakini amesema. Anachokwambia kinajibika: mwonyeshe kuwa fedha ya pikipiki mpya inatoka kwenye akiba yako, wala haitoki kwa baba yake, na sehemu kubwa ya hoja yake itakuwa imekwisha. Huyu anayenyamaza ndiye anayenitia wasiwasi. Mtoto aliyezoea kuingia gereji akaacha kuingia, kuna kitu humo hawezi kukitazama. Huenda ni pikipiki aliyopakiwa na baba yake utotoni. Huenda ni wewe, ukiwa umevaa koti la kuendeshea, umesimama pale alipozoea kusimama baba. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza. Mwite peke yake, bila kaka yake. Usianze na habari ya Guzzi. Anza na zile tatu: ipi anaikumbuka zaidi, na angependa ifanywe nini. Kisha umsikilize hata kama jibu litakuuma.

Halafu nikuulize na wewe. Umezitaja pikipiki za mumeo kwa majina yake kamili, lakini hukusema hata moja iliwashwa lini. Kama zimekaa tangu msiba, zinaharibika zikiwa zimesimama. Ile Monster 900 ina mikanda miwili ya mpira inayozungusha mfumo wa vali, vile vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye injini, na mikanda hiyo hubadilishwa kwa umri hata kama pikipiki haijatembea. Ikikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinaweza kugongana na pistoni, na hapo huzungumzii tena sevisi, unazungumzia kufufua injini. Usikubali mtu aipige stata kabla fundi anayezijua hajaitazama mikanda. Honda CB750 ina kabureta nne. Petroli iliyolala humo huacha utando kama gundi unaoziba vitundu vidogo vya kupitishia mafuta. Tairi nazo huzeeka. Ubavuni utaona tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Nenda ukazisome leo, kwenye pikipiki zote. Oili ya breki huvuta unyevu hata gereji ikiwa imefungwa.

Nakueleza haya kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoweza kuingia. Mwambie kijana achague moja, binti achague moja, kila mmoja awe mwangalizi wa aliyoichagua: betri, mafuta, fundi, na siku moja leseni kama ataitaka. Nawe ubaki na ya tatu. Anayelia kwamba mali ya baba inachezewa, mpe tochi na kitambaa aanze na tangi. Asipotaka kabisa, basi mtakuwa mmejua wote kwamba inaweza kuuzwa kwa roho safi, na fedha yake igawanywe kwa haki, isiingie kwenye Guzzi.

Na kuhusu hiyo Guzzi, kuna jambo sidhani muuzaji amekwambia. Kampuni hiyo ilianzishwa Italia mwaka 1921, na mpango wake ulianza kwa marafiki watatu waliokutana katika kikosi cha anga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: Carlo Guzzi, Giorgio Parodi na rubani Giovanni Ravelli. Walikubaliana vita vikiisha watengeneze pikipiki. Ravelli akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1919. Wawili waliobaki hawakuuacha mpango. Walifungua kiwanda Mandello del Lario, kando ya ziwa Como, na yule tai mwenye mabawa unayemwona kwenye tangi waliweka kwa kumkumbuka mwenzao. Pikipiki zinatengenezwa hapohapo hadi leo. Nimelikumbuka hilo nilipofika pale ulipoandika "nina kosa?" Hapana, mdogo wangu, huna kosa. Kumkumbuka mumeo hakukuzuii kununua pikipiki ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Sasa, ipi? Hoja ya muuzaji kwamba Monster mpya itapendeza ikikaa na ile ya marehemu ndiyo sababu hasa ya mimi kukwambia usiichukue kwa ajili hiyo. Hiyo itakuwa ya nne ya mumeo. Ni pikipiki nzuri, nyepesi, kali, ina zaidi ya nguvu za farasi 100, na kama ungeniandikia kwamba ndiyo inayokunyima usingizi ningekwambia uichukue. Hukuandika hivyo.

V7 ina injini ya cc 853, nguvu za farasi zipatazo 65, na silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia mbele ya magoti yako. Kwa anayetoka kwenye Honda ndogo, nguvu hizo zinatosha na kubaki. Kiti kiko sentimita 78 kutoka chini, na kwa mtu ambaye bado anajifunza kuisimamisha pikipiki nzito kwenye mteremko, kufikisha miguu yote miwili chini ni usalama wenyewe. Ni nzito, zaidi ya kilo 200, kwa hiyo jizoeze kuisukuma ikiwa imezimwa kabla hujaiendesha. Haina cheni, gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti, yaani mhimili wa chuma, kama kwenye BMW ya mumeo, hivyo huna cheni ya kusafisha wala kukaza. Injini inapozwa kwa hewa, na vichwa vya silinda viko nje, fundi hahitaji kuvua nusu ya pikipiki ili apime vali.

Lakini uliza mapema: aliye karibu nawe anayefanya sevisi za Guzzi ni nani, na spea zikihitajika huchukua muda gani kufika? Kama jibu linayumba, nunua pale jibu linaponyooka. Piga hesabu ya bima, usajili, koti, glavu, buti na sevisi ya kwanza, ambayo kwa injini mpya huja mapema. Ukiona akiba bado haijafika, subiri, au uulize kama kuna V7 ya mwaka uliopita ambayo haijauzwa; mara nyingi hupunguzwa bei na bado ni mpya. Mkopo sikushauri ukiwa na pikipiki tatu zinazodai mikanda, tairi na betri.

Usilipe hata arbuni kabla ya kukaa na watoto. Ongea na binti kwanza, kisha wote wawili, na uwaambie waziwazi: za baba tutaamua pamoja, hii nanunua mimi kwa fedha yangu, na sitaificha. Wakikuonyesha hofu ya ajali, usiwakatishe. Waambie utachukua mafunzo mengine ya udereva ukishaipata, na uyachukue kweli.

Ukimaliza hayo, rudi dukani uombe kuijaribu barabarani. Kabla hujaondoka, ikiwa imesimama na gia haijaingia, piga resi kidogo. Utaisikia inakuvuta upande wa kulia, ndivyo injini yake ilivyolazwa. Wapo wasiopenda kabisa hali hiyo. Ukiipenda, weka saini.