Chikanda yangu iko pa tovuti lakini hakuna mutu anaiona

SWALI: Jambo yenu bandugu. Niko na tovuti ya kidogo ya mapishi ya kwetu, bukari (ugali), chikanda ya viazi vya porini, munkoyo ya kunywa, binkubala (viwavi vya kula), naandika tangu mwaka jana na picha naweka mingi, lakini kwa siku batu wanaingia ni kumi, siku zingine wane tu, na hao nawajua ni ba ndugu zangu. Makuta ya piblisite sina. Nifanye nini?
Mama mupishi, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, tumeingia pa tovuti yako na chakula kiko kizuri kweli, shida ni kwamba kinachelewa kuonekana. Omba simu ya jirani ambaye hajaifungua hata siku moja, afungue kwa mega zake mwenyewe, wewe uhesabu tu sekunde. Picha ya simu za sasa inaweza kupita mega 3, ukipanga kumi pa ukurasa mumoja ni mega 30, na mutu aliyenunua mega za siku moja hawezi kungojea, anarudi nyuma anaenda kwingine. Kabla ya kupandisha picha ipunguze, upana wa pikseli 1200 unatosha, uzito usipite kilobaiti 200, tovuti ya Squoosh inafanya hiyo kazi bure. Na ujue Google inasoma tovuti vile inaonekana kwa simu, haiko vile inaonekana kwa kompyuta.

Sasa vichwa, na hapa ndipo tunakuomba sana utusikie. Habari yako ya chikanda umeiita "Ladha ya utoto wangu". Inagusa roho, lakini nani anaandika vile mu Google? Mutoto wetu aliye Brussels anayetamani chikanda ya mama yake anaandika "namna ya kupika chikanda", basi umuitikie kwa maneno yake mwenyewe, na utoto wako uuweke ndani ya habari. Andika pia kikanda, juu batu wengi wa hapa wanasema hivyo na ndugu zetu wa Zambia wanasema chikanda. Tena kuna asiyejua jina kabisa, huyo umuelezee kwa mistari miwili pale juu: viazi vya okidi ya porini vilivyosagwa, karanga, pilipili, soda ya kupikia.

Ukitaka kujua batu wanaandika nini kabla ya kukufikia, jiandikishe kwa Google Search Console, ni bure, inakuonyesha maneno yenyewe. Hayo maneno hayatajaa kesho, upatie wiki kadhaa.

WhatsApp iko vizuri lakini usitupe linki kavu. Stati inakaa saa 24 tu, kwa hiyo weka swali, "munkoyo yako inakataa kulainika?", halafu linki chini. Kwa magrupu ya kanisa na ya familia uombe ruhusa kwanza.

Na wale wanaokuahidi wageni elfu moja kwa dola chache, Mama tafadhali usiwape kitu, mara nyingi ni mashini ndiyo inafungua ukurasa, haiko mutu mwenye njaa.

Anza na chikanda peke yake, uitengeneze mpaka iishe. Kisha binkubala: mvua ikinyesha batu wanaanza kuitafuta, na Google inahitaji muda wa kuiona, basi habari hiyo iwe tayari kabla mvua haijafika.