Karafuu hutuliza, haiondoi usaha

Wiki hii mmeuliza: jino la utoto likioza na kufanya usaha, ni miti shamba ipi itakayomponya mtoto bila kung'olewa? Jibu langu ni kwamba hakuna. Ipo ya kumtuliza usiku mmoja, kukicha mwende hospitali, na hiyo inafaa kujulikana, maana maumivu ya jino huzidi usiku mtoto akilala.

Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likifika hapo, kiini hufa na usaha hushuka hadi nchani mwa mzizi. Palipokufa damu haipiti, kwa hiyo dawa ya kumeza haifiki, iwe maji ya mwarobaini au amoksilini. Ndiyo maana uvimbe hunywea siku chache kisha ukarudi. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea: mtoto kalia siku tatu, ya nne anacheza, sifa zote akapewa karafuu. Kumbe mshipa umekufa. Mwangalie mdomoni kwenye mwanga, ufizini karibu na jino lile: utakuta kijipu kama punje ya mtama, kichwa cha manjano, kinapasuka na kuvimba tena. Hakiumi kwa sababu usaha umepata njia ya kutokea.

Wengine husema aachwe, litatoka lenyewe. Magego ya utoto hutoka kwenye miaka 9 hadi 12. Wa miaka 5 atakaa na usaha miaka mingapi? Na chini yake jino la ukubwani linajengwa. Usaha ukilifikia, huota na doa la kahawia au gamba la nje lenye mashimo.

Sasa huo usiku mmoja. Karafuu 4 zitwange, zimwagie nusu kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja, acha ipoe. Chovya pamba, ikamue isidondoke, igandamize kwenye jino dakika chache, kisha itoe. Usimwachie karafuu nzima mdomoni, itampalia. Mafuta ya karafuu yale ya kichupa yaweke mbali kabisa na mtoto: mililita 5 hadi 10 zikimezwa zimewahi kumpoteza fahamu mtoto mdogo na kumharibu ini. Anayejua kutema asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Shavu likandwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10, si kwa maji moto. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: wa kilo 12 hupata 180, yaani mililita 7.5 za ile ya maji yenye 120 katika mililita 5. Rudia baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini hapewi mtoto, wala haiwekwi kwenye jino; huunguza ufizi, kama kitunguu saumu kibichi. Ugoro ni sumu. Mafuta ya mwarobaini mtoto asimezeshwe. Mswaki wa mti ni mzuri kwa usafi, hautibu tundu.

Usingoje asubuhi ukiona homa pamoja na shavu linalopanda hadi jicho kufumba, uvimbe chini ya taya, mdomo usiofunguka, au mate yanayomtoka kwa kushindwa kumeza. Huyo anahitaji daktari usiku huohuo.

Kwa sisi wa Tanga mjini, hospitali ya mkoa ya Bombo wanatibu meno. Watampiga ganzi, wang'oe, au kama mzizi bado mzima wasafishe kiini na kuziba. Gego likitoka mapema mno, uliza kuhusu waya wa kushikilia nafasi, la sivyo meno ya jirani husogea na la ukubwani hukosa pa kuota. Na mtoto mchanga msimpeleke kwa wakata "meno ya plastiki": kile cheupe ufizini ni jino lake halisi ambalo halijaiva, na wanaolichokoa humwachia kidonda.

Akishang'olewa, ang'ate pamba dakika 20 hadi 30, asisukutue siku hiyo, ale vya baridi na laini. Mdomo ukiwa bado na ganzi, kaa naye: watoto huutafuna mdomo wao wa chini bila kuhisi, jioni ukavimba kuliko jino lilivyokuwa.