Kupanga Katikati ya Mji: Barua za Wasomaji kutoka Lamu na Malindi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nyumba ya bei nafuu iliyo karibu na soko, ina kasoro gani? Tumezijibu sita. Wasomaji watuwie radhi kwa barua ya kwanza kuchukua nafasi kubwa, ina mengi ndani yake.

SWALI: Assalaam aleikum ndugu wahariri. Nimehamishiwa kazi ya ualimu Lamu na nataka kukaa karibu na Ngome na soko. Nimeonyeshwa vyumba viwili vya chini Mkomani na chumba kimoja cha juu Langoni. Vya Mkomani ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Nitazame nini kabla ya kulipa? – Mwalimu mgeni

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Vyumba vya chini vikiwa rahisi kuna sababu, na mara nyingi sababu yenyewe iko ukutani. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo hunyonya maji ya ardhini. Maji yakipanda hubeba chumvi. Yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki, ikaumuka, ikaisukuma plasta nje. Plasta ya chokaa inapumua, kwa hivyo huharibika polepole na kuirekebisha ni rahisi. Plasta ya simiti huyafungia maji ndani: yanapanda juu zaidi, kisha simiti inabanduka kwa mapande.

Ukiona ukuta umepakwa rangi mpya ya mafuta kutoka sakafuni hadi kiunoni, na kutoka hapo kwenda juu ni rangi ya zamani, jua kuna kilichofichwa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachana na jiwe hulia kama kitu kitupu. Hilo si lazima likufanye ukimbie, ila likufanye uzungumze: mwambie mwenye nyumba aibandue simiti yote iliyolegea, aache ukuta ukauke, kisha apige chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni utawarudisha mlikotoka. Juu yake pakwe chokaa ya maji, si rangi ya mafuta. Wewe nawe ukihamia, kabati na godoro viache sentimita 10 kutoka ukutani.

Cha Langoni kina hesabu nyingine. Chumba cha kale ni chembamba kwa sababu upana wake umefuata boriti za mkoko, takriban mita 2.5 hadi 3. Kitanda cha futi sita kwa sita kitaingia, lakini nafasi ya kupita itakuwa ya kubanana. Tazama boriti pale zinapoingia ukutani, hasa zilizo chini ya choo au bafu la juu, maana huko ndiko zinakooza kwanza. Choma kwa ncha ya kisu: boriti nzima hukataa, iliyooza humeza. Unga mwembamba sakafuni chini ya boriti ni dalili ya wadudu. Na kama mwenye nyumba ameweka tangi la plastiki la lita 1,000 juu ya dari ya boriti, kumbuka maji hayo peke yake ni tani moja. Tangi kama hilo lakaa juu ya kuta nene, si katikati ya chumba cha mtu anayelala.

Kwa mtaa wenyewe, Langoni kuna soko, Msikiti wa Riyadha na watu wengi. Mkomani usiku kumetulia. Katika sehemu zenye mapaa ya makuti, tazama na paa la jirani, si lako tu, kwa sababu moto wa makuti hauulizi mwenyewe. Nenda ukaione nyumba mara mbili: adhuhuri, na tena baada ya mvua kubwa. Mitaro ya Lamu ni ya wazi na huteremka kuelekea pwani, kwa hivyo nyumba iliyo pale mitaro miwili inapokutana hupata harufu na maji ya wote walio juu.

La mwisho, pima mlango na ngazi kabla ya kusafirisha vyombo. Gari lako la mizigo litaishia Mokowe, gati la upande wa bara. Kutoka hapo ni chombo cha baharini, kisha punda au mkokoteni kwenye vichochoro. Sofa nzima isiyopinda kwenye ngazi ya nyumba ya kale itabaki darasani kwako. Kitanda kifunguliwe.

SWALI: Nyumba niliyoipata ina kisima ndani na mfereji wa maji ya kampuni. Mwenye nyumba asema kwa hayo mawili sitakosa maji. Ni kweli? – Mama wa watoto wawili, Lamu

JIBU: Hutakosa maji, mama, lakini yapi ya kunywa? Maji matamu ya Lamu hutoka visima vya Shela, ambako mvua huzama kwenye vilima vya mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Hayo ndiyo yanayofika mferejini, nayo hayafiki kila saa. Waulize wapangaji wa jirani, si mwenye nyumba, hutoka siku zipi na saa ngapi. Kisha pigeni hesabu: watu watatu kwa lita 40 kila mmoja ni lita 120 kwa siku, kwa hivyo pengo la siku tatu linataka lita 360, yaani mitungi 18 ya lita 20 au mapipa mawili ya lita 200.

Kisima cha ndani ya mji ni cha kufulia, kuoshea na choo. Mashimo ya vyoo yako karibu mno, mengine hatua chache tu, na maji ya chini ni yale yale. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Ukilazimika kuyanywa, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Kama bafu lina birika la kujengewa, lioshwe kabla hujahamia na lifunikwe. Wazee walifuga samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu, na desturi hiyo bado ina kazi.

SWALI: Dalali amenionyesha nyumba ya familia. Anayepokea kodi ni mmoja wa ndugu sita. Anataka kodi ya miezi mitatu na dipoziti ya mwezi mmoja, bila karatasi. – Kijana, Lamu

JIBU: Hapo usimpe hata shilingi, ndugu, mpaka ujue nani ana haki ya kupangisha. Nyumba nyingi za Lamu ni za mirathi isiyogawanywa au ni za wakfu. Ya mirathi, taka barua fupi iliyotiwa saini na warithi wengine ikimruhusu huyo mmoja kupokea kodi. Ya wakfu, muulize mtawalii, yaani msimamizi wa wakfu, aonyeshe hati yake, na ukiwa na shaka Tume ya Wakf ndiyo pa kuuliza. Bila hivyo, mwezi wa pili atakuja ndugu mwingine kutoka Mombasa akudai upya, na huyo wa kwanza atakuwa hashiki simu.

Karatasi haihitaji kuwa ndefu. Iwe na majina na nambari za vitambulisho, vyumba gani, kodi kiasi gani na tarehe ya kulipa, dipoziti kiasi gani na itarudishwa ndani ya siku ngapi, nani anatengeneza paa, dari na plasta, na nani analipa maji na stima. Siku ya kupewa ufunguo, piga picha kila ukuta, kila dari, choo na kufuli, mkiwa pamoja, umtumie picha hizo papo hapo kwa simu. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Dipoziti ikizuiliwa bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Kadhi husikiza ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa kodi si wake, ingawa watu wengi huanzia huko.

Dalali naye alipwe baada ya ufunguo. Pesa ya "kuonyeshwa" tu, sisi hatuikubali.

SWALI: Hapa Malindi, mtaa wa Barani, tuna nyumba ya vyumba sita, korido katikati, mita moja ya tokeni. Tunachanga sawasawa lakini kila mwezi ni ugomvi. – Wapangaji sita

JIBU: Ugomvi wenu una sababu mbili. Moja ni bei yenyewe. Kenya Power hutoza nyumba kwa madaraja: hadi yuniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100, ikitazama wastani wa miezi mitatu, na kadiri mnavyopanda ndivyo yuniti inavyokuwa ghali. Chumba kinachotumia yuniti 20 kingekuwa daraja la chini kabisa kikiwa na mita yake. Vyumba sita vya yuniti 20 kwa mita moja ni 120, na nyote mnalipa bei ya juu. Dawa hapo ni mwenye nyumba kuomba mita zaidi, na ni yeye anayepaswa kuomba, si nyinyi.

Sababu ya pili ni vifaa. Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku haifiki yuniti moja na nusu kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa nane ni yuniti 14. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila siku ni 15. Mwenye taa peke yake akichanga sawa na mwenye feni na pasi, lazima anung'unike. Wekeni mita ndogo kila chumba, fundi wa stima aliyesajiliwa azifunge, na mzisome tarehe moja kila mwezi wawili wenu mkiwapo. Tuseme mwezi mzima mmenunua tokeni za Sh3,600 mkapata yuniti 120: yuniti ni Sh30. Chumba ambacho mita yake ndogo imesogea yuniti 14 kinalipa Sh420. Jumla ya mita ndogo haitafika 120; kilichobaki ni taa za korido na choo, na hicho ndicho cha kugawa kwa sita.

SWALI: Maulidi yakikaribia mwenye nyumba wetu Langoni hututaka tuhame ghafla ili apangishe wageni. Safari hii ametupa siku kumi. – Familia, Langoni

JIBU: Siku kumi hazitoshi kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, notisi isipungue muda wa upangaji, yaani mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Kama mnalipa tarehe 5, notisi ya 20 Machi haiwezi kuisha 5 Aprili; inaisha 5 Mei. Nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 ina ulinzi zaidi chini ya sheria ya kudhibiti kodi: hamhamishwi bila amri ya baraza la kodi, na kuwasumbua ili mtoke ni kosa. Hata mwenye deni hafungiwi mlango na mwenye nyumba mwenyewe. Kukamata vyombo ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni. Mjibuni kwa maandishi, kwa adabu, mkitaja tarehe. Akitaka muwapishe wageni kwa hiari yenu, basi na apunguze kodi ya siku hizo, na iandikwe.

SWALI: Nimepanga juu, mwenye nyumba amenikataza kupanda darini jioni. Si nimelipa? – Mseja, Mkomani

JIBU: Umelipa vyumba, ndugu, na kutoka darini unaona kiwanda cha jirani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ambako wake wa watu wamekaa bila buibui. Patana naye saa ya kuanika nguo, na kabla ya kupanda, piga hodi kwa sauti.