Maswali na Majibu: Dola ya Bani Abbas, dola ya Kiislamu ya makhalifa wa Baghdad, iliangukaje?

Je, ni Wamongolia walioiua dola hii mwaka 1258?

Walimuua khalifa na kuuteketeza mji wa Baghdad. Lakini dola ilikuwa imepoteza nguvu miaka 300 kabla. Tangu Wabuwayhi, ukoo wa watawala kutoka Uajemi, walipoingia Baghdad mwaka 945, khalifa alibaki wa kutajwa kwenye hotuba ya Ijumaa na kwenye sarafu. Jeshi na kodi vilikuwa vya wengine. Khalifa al-Nasir (1180–1225) alirudisha mamlaka, lakini kwa Iraki na jirani zake tu.

Askari watumwa wa Kituruki waliwezaje kuwaua makhalifa?

Chanzo ni mshahara. Khalifa al-Mu'tasim aliwakusanya na mwaka 836 akahamia nao mji wa Samarra, mbali na watu wa Baghdad. Askari asiye na ukoo wala shamba pale alipo hula posho yake tu. Ikichelewa, hutafuta khalifa mwingine. Mwaka 861 walimuua khalifa al-Mutawakkil. Yaliyompata khalifa al-Mu'tazz mwaka 869 yanatisha: walimdai dinari 50,000, mama yake Qabiha akasema hana kitu, wakamburuta nje na kumsimamisha juani, kisha akafa kwa kunyimwa chakula na maji. Baadaye hazina ya mama ilifukuliwa, ikakutwa na dhahabu kupita deni lile mara nyingi.

Vita vya Zanji (869–883) vilipiganwa na watu wa pwani yetu?

Jina linatoka huku, na wapo waliotoka huku; ni wangapi, wanahistoria bado wanabishana. Waasi hao walikuwa watumwa waliokwangua tabaka la chumvi mashambani karibu na Basra, kazi ya kikatili mno, na wengine wasio Waafrika walijiunga nao. Mwaka 871 waliiteka Basra.

Iraki ilikuwa na rutuba. Mbona hazina ilikauka?

Hapa ndipo penye kiini, na watu hupapita haraka. Mfereji wa Nahrawan ulichota maji ya mto Tigris na kumwagilia mashariki ya Baghdad. Mfereji kama huo hujaa tope, hivyo lazima uzolewe na matuta yake yazibwe kila mara. Mwaka 937 amiri Ibn Ra'iq aliubomoa ili kumzuia mpinzani wake Bajkam. Bajkam alipita vilevile na kuichukua Baghdad. Mashamba yakabaki bila maji. Kisha Wabuwayhi wakawalipa askari kwa kuwapa haki ya kukusanya kodi za ardhi. Mtu anayejua kesho atahamishiwa eneo jingine hukamua mavuno ya mwaka huu, hazoi tope.

Je, Ibn al-Alqami, waziri wa khalifa, aliiuza Baghdad kwa Wamongolia?

Tuhuma ni ya zamani. Lililo wazi ni kwamba yeye na mkuu wa jeshi walikuwa mahasimu, na khalifa al-Musta'sim hakuamua amfuate nani. Januari 1258 jeshi la khalifa lilivuka kwenda magharibi ya Tigris kupambana. Wamongolia walibomoa matuta nyuma yake usiku, maji yakafunika uwanda, na wengi wakazama kabla mji haujazingirwa.