Fundi Anajibu: Kompyuta Mpya Inafika Nyuzi 95 Kabla ya Dakika Kuisha

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tanga, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi. Mwezi uliopita nilinunua vifaa kimoja kimoja, vingine vipya, vingine mtumba, nikaunganisha kompyuta mwenyewe nyumbani. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Ryzen 5 3600, ya mtumba, nimeipata pamoja na feni yake ndogo ya kiwandani. Nikiwa naandika au naangalia picha iko shwari, inasoma nyuzi 50 na kitu. Nikianza kutoa video iliyokamilika, haipiti dakika inasoma 95, feni inavuma kama mashine ya kusaga, kazi inakuwa nzito, na baada ya dakika chache inajizima. Nimeongeza feni mbili kwenye kesi (boksi la kompyuta), hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu anasema madabodi (bodi kuu) ni mbovu. Pesti, ile ya kupaka kati ya prosesa na bati la kupozea, sikupaka mpya kwa sababu ile ya zamani bado ilikuwepo. Nina harusi mbili za kukabidhi, nisaidie. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuthubutu kuunganisha mwenyewe. Hela ya madabodi iache mfukoni kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita tu ambayo kwangu ndiyo barua yenyewe.

La kwanza ni ile dakika. Watu wengi wakiniletea mashine inayochemka huniambia imefika nyuzi ngapi. Mimi huuliza imefika kwa muda gani. Joto linalopanda polepole, robo saa au zaidi, ni joto la kesi: hewa ya moto imejaa ndani haina pa kutokea. Joto linaloruka kutoka 50 hadi 95 kabla ya dakika kuisha halijapata hata nafasi ya kuijaza kesi. Limekwama palepale juu ya prosesa, halivuki kwenda kwenye lile bati la kupozea lililo chini ya feni yake. Ndiyo maana feni zako mbili hazikusaidia kitu. Zinapuliza mapezi ya bati ambayo joto halijayafikia.

La pili ni pesti. Umesema ya zamani bado ilikuwepo, na naelewa kwa nini ulidhani inatosha, maana kwa macho inaonekana ipo. Uso wa prosesa na uso wa bati vikikutana havigusani kila mahali. Kuna vishimo vidogo visivyoonekana, na ndani yake kuna hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Kazi ya pesti ni kuijaza ile hewa. Ukishatenganisha vitu hivyo viwili mara moja, pesti imechanika, imebaki na mabonde. Ukivirudisha bila kusafisha, umefungia hewa katikati.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nenda taratibu sana. Prosesa yako ni ya soketi (kiti chake kwenye madabodi) ya AM4, ina pini 1331 chini yake, nyembamba kama nywele, na soketi inaishika kwa kuzibana pini tu. Pesti iliyokauka hushika kama gundi. Ukivuta bati kwenda juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nalo. Yamenikuta. Ilikuwa mashine ya mteja, nikavuta tu, prosesa ikatoka imening'inia. Nilikaa mpaka saa nane usiku na sindano na kioo cha kukuzia, nanyoosha pini moja baada ya nyingine, huku mwenye mali ananipigia simu. Tangu siku ile nina utaratibu ambao siuvunji: naiwasha mashine kwanza ifanye kazi dakika 5 au 10 pesti ilainike, nazima, nachomoa waya ukutani, nalegeza skrubu nne, halafu nalizungusha bati kidogo kulia na kushoto kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya asali. Likianza kucheza lenyewe ndipo nanyanyua.

Kabla ya kufuta chochote, geuza bati ulitazame kwenye mwanga wa dirishani. Alama iliyobaki pale inasema kweli kuliko mtu yeyote atakayekushauri, mimi nikiwemo. Pesti ikiwa imetanda sawasawa mraba mzima, nimekosea na tutafute kwingine. Ikiwa upande mmoja imebanwa mpaka chuma kinaonekana, na upande wa pili ni nene, bati lilikaa mshazari. Kwenye mashine iliyounganishwa kwa mara ya kwanza hili hutokea sana, kwa sababu mtu hukaza skrubu moja mpaka mwisho ndipo aende kwenye nyingine. Ikiwa ni kavu, ina mipasuko kama tope la kiangazi, basi ndiyo hiyo.

Futa nyuso zote mbili kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukitumia kitambaa cha kufutia miwani. Pamba huacha nyuzi. Subiri pakauke kabisa. Weka pesti mpya katikati, ukubwa wa punje ya kunde, usiisambaze kwa kidole. Bati litaisambaza lenyewe. Skrubu zikaze kwa kukingamana: nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko kwenye pembe ya mkabala, kisha zile mbili nyingine, mpaka zote zigote. Waya wa feni uingie kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN (feni ya prosesa) na si SYS_FAN (feni za kesi). Nimekuta zimechanganywa, na feni inazunguka kwa kufuata joto la madabodi wakati prosesa inaungua.

Washa, fungua programu ya HWiNFO, ni ya bure, tazama mstari wa Tctl/Tdie, ndiyo joto la prosesa, huku ukitoa video. Kwa feni ile ndogo na joto la Tanga, ukikuta 80 hadi 88 baada ya dakika kumi usiogope. Kikomo cha prosesa hii ni 95. Ikifika hapo hujipunguzia kasi, ndiyo ule uzito uliouona, na joto likizidi kupanda hujizima isiungue. Ilikuwa inajiokoa. Na kumbuka kupoza kwa feni hakuwezi kushuka chini ya joto la chumba. Chumba chenye nyuzi 33 kinaanzia 33, kwa hiyo usijilinganishe na video za watu wa Ulaya wanaokaa kwenye nyuzi 20.

Zile feni mbili ulizoongeza zikague mwelekeo. Hewa hutokea upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota. Washa udi, usogeze mbele ya kesi: moshi uvutwe ndani mbele, usukumwe nje nyuma. Feni zote zikiwa zinatoa, au zote zinaingiza, hewa haipiti vizuri ndani.

Nakuombea harusi zote mbili zitoke salama. Ukishatazama ile alama, niandikie umeona nini.

SWALI: Fundi, yangu haichemki kabisa. Prosesa haizidi nyuzi 62, kadi ya picha 65. Lakini gemu likifunguka tu, pap, mashine inajiwasha upya. Windows inaandika Kernel-Power 41. Nina Ryzen 5 3600 na kadi ya RX 580, pawa saplai (kifaa kinachogawia mashine umeme) ni ya wati 500, mpya ya dukani, bei ilikuwa nzuri. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, 41 haikuambii ugonjwa. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika au kujiwasha upya kabla Windows haijafunga shughuli zake, basi. Shida yako naitafuta kwenye pawa saplai, na unaweza kuithibitisha bila kutoa senti.

Isome lebo ya ubavuni. Achana na ile 500 kubwa, tafuta safu ya 12V (njia ya volti 12, inayolisha prosesa na kadi ya picha) uone amperi. Pawa saplai moja niliyoipima wiki iliyopita ilikuwa imeandikwa 500 kwa rangi nyekundu, na safu ya 12V ilikuwa amperi 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi yako peke yake, kwa hesabu ya AMD, kampuni yake, ni wati 185. Prosesa yako imeandikwa wati 65 lakini inaruhusiwa kufika 88. Hapo tayari ni 273, na bado hujahesabu feni wala diski. Gemu likifunguka vyote viwili vinadai kwa mpigo, volti inaporomoka, mashine inazimika. Ile 500 wanaipata kwa kujumlisha njia zote, hata za volti 3.3 na 5 ambazo mashine ya leo haizitegemei sana.

Kwako nataka 12V yenye angalau amperi 35. Kabla ya kununua, azima ya rafiki kwa jioni moja, gemu likikaa saa nzima umepata jibu. Tumia nyaya zilizokuja na hiyo ya kuazima, usichanganye na za kwako hata kama ncha zinaingia. Na ile ya zamani usiifungue ndani kutafuta kilichoungua. Kapasita zake (vihifadhi umeme) hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa ukutani, na umeme huo unaweza kuua mtu.

SWALI: Ni kweli dawa ya meno inaweza kuwa pesti? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Siku ya kwanza itakudanganya, vipimo vitakuwa vizuri. Ina maji, na maji yakishakauka unabaki na unga. Kitubu kidogo cha pesti halisi kinatosha mashine kadhaa, changieni na jirani.